Kipande Kisiachiliwe

Saa moja na nusu ya asubuhi, siku ya Jumatatu, Bwana Kilo alikata kipande cha plaiwudi chenye upana wa vidole viwili, akakipuliza vumbi, akakibana katika taya za mashine ya kuvuta na kuanza kuzungusha gurudumu. Alizungusha taratibu, huku kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia vikiwa vimeshika kipande pale katikati, mahali gundi ilipo. Mshale ulipanda hadi thelathini na moja, ukasita, na kipande kikaachana. Hakikulia. Plaiwudi nzuri hulia inapoachana, tena hulia kwa uchungu. Hii ilifunguka kama bahasha.

Kipimo kilichotakiwa ni kilo tisini. Alikata kipande cha pili, akapata thelathini. Cha tatu, thelathini na moja na nusu. Akaziandika namba hizo kwenye fomu kwa mwandiko wake ulioinamia kulia, kisha akainua mkono ili aiweke fomu kwenye kikapu. Fomu haikuwekeka. Ilikuwa imeshikamana na kiganja chake.

Bwana Kilo hakuona jambo la ajabu. Katika kiwanda kile kila mtu alishawahi kuganda mahali fulani. Mhasibu mmoja aliwahi kuganda kwenye kiti tangu asubuhi mpaka kengele ya chakula. Alikwenda kwenye bomba akajisugua kwa sabuni na maji ya moto. Fomu ililowa, ikachanika, ikaenda na maji vipande vipande, namba na yote. Ndipo alipogundua kwamba sasa kilichoganda ni sabuni. Sabuni ni kitu kinachoteleza siku zote. Siku hiyo haikuteleza.

Aliitwa Bwana Kilo kwa sababu kila swali alilijibu kwa kilo. Ukimuuliza hali ya mkewe, alisema anaendelea vizuri, tisini na kitu. Alikuwa mpimaji wa kiwanda kwa miaka ishirini na sita. Alianza kwa kufagia, akasoma masomo ya jioni miaka sita akiwa na ndevu, akaanzia hesabu za sehemu na kumalizia cheti, na cheti hicho ndicho kilichomtoa kwenye ufagio na kumfikisha kwenye mashine. Hakuwa mtu wa kujisifu, ila hakupenda wengine wasahau.

Akiwa na sabuni mkononi, alikwenda chumba cha kuchanganyia gundi. Huko alikuwako Uji, mtu mnene mwenye mwiko mrefu kama kasia, ambaye jina lake halikuhitaji maelezo. Ukutani nyuma yake palikuwa na karatasi inayoonyesha kanuni ya mchanganyiko: gundi kiasi gani, dawa ya kugandisha kiasi gani, na unga wa ngano kidogo tu, ili gundi isizame ndani ya mti. Chini ya karatasi hiyo palikuwa na magunia matatu ya unga, yote matupu.

"Uji, hii ni gundi au ni kifungua kinywa?"

"Mimi nakoroga ninacholetewa, kaka. Nimeletewa unga, nimekoroga unga. Wakileta mchanga kesho, utanikuta nakoroga mchanga."

"Mbao hizi zinakwenda shule."

"Basi watoto hawatalala njaa," alisema Uji. Kisha akaona haya, akainamia pipa lake. "Nenda kwa Meneja. Mimi huko sina mdomo. Na mbona unatembea na sabuni?"

"Imenishika."

"Aa," alisema Uji, akasogeza ndoo yake mbali kidogo.

Bwana Kilo alirudi kwenye meza yake kuchukua vile vipande vitatu vilivyoachana, kwa kuwa vilikuwa ushahidi. Havikuwepo. Mabaki ya mbao hukusanywa saa nne na kutiwa tanurini, na ilikuwa saa nne na robo. Meneja naye alikuwa amekwenda mjini. Hivyo siku ikaisha bila namba, bila vipande, na kukiwa na sabuni.

Nyumbani mkewe alimfungulia mlango, akaitazama sabuni, akasema ya bafuni ilikuwa imekwisha, kwa hiyo si vibaya.

Jioni ile alikuja binti yao, mwalimu wa sayansi, aliyeishi mitaa miwili kutoka pale na ambaye kila Jumatatu alikula kwa wazazi wake. Alikiweka kiganja cha baba yake chini ya taa, akatoa lenzi kwenye mkoba wake na kukichunguza kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo ya mkataba.

"Baba, mkono wako umelainika."

"Mkono wangu umefanya kazi tangu hujazaliwa."

"Ndiyo maana umelainika. Umesugua mbao miaka ishirini na sita, umekwisha milima."

Alieleza, kama alivyowaeleza wanafunzi wake, kwamba hakuna kitu laini duniani. Hata kioo, ukikitazama kwa ukubwa wa atomi, ni milima na mabonde. Ukiweka kioo juu ya kioo ni vilele vichache tu vinavyogusana. Kwingine kote ni hewa. Lakini pale atomi mbili zinapokaribiana kweli, elektroni za moja zikielemea upande huu, za jirani nazo huelemea, na baina yao huzaliwa mvuto mdogo, mdogo kiasi kwamba hakuna mizani ya dukani inayoweza kuupima. Ukiwa na mivuto hiyo mamilioni kwa mamilioni, mambo hubadilika. Akanyoosha kidole juu, ambako mjusi alikuwa amelala darini karibu na taa, tumbo juu, bila gundi na bila msumari.

"Yule anashikwa na ujirani tu," alisema. "Hajafunga ndoa na dari."

"Ndoa ni ipi?" aliuliza Bwana Kilo, ambaye hakupenda kuachwa na somo.

"Ndoa ni atomi kushirikiana elektroni. Hii yangu, hii yako, sasa ni yetu. Ukitaka kuzitenganisha, lazima uvunje. Gundi nzuri ikiganda hufunga ndoa yenyewe kwa yenyewe, mnyororo mrefu usiokatika. Gundi iliyojaa unga haina ndoa, ina ujirani. Na ujirani wenyewe wa watu wasiojuana."

"Na wakizidi kukaribiana, hao atomi?" aliuliza mama yake kutoka jikoni.

"Wakikaribiana kupita kiasi, mama, wanasukumana. Kila mmoja anataka nafasi yake."

Mama alisema hilo yeye alilijua miaka thelathini na minne, na hakuwahi kuhitaji lenzi.

Binti alimfundisha baba yake jinsi ya kujibandua. Mjusi, alisema, havuti mguu wake. Huuchubua kuanzia nchani. Bwana Kilo akaanza na kidole kidogo, akakikunja nyuma taratibu, kikafuata cha pete, na sabuni ikaanguka kwenye beseni. Halafu akauliza swali alilokuwa nalo tangu asubuhi, yaani zile mbao zinajengewa nini shuleni kwao.

"Jukwaa la kukalia, kwenye ukumbi. Ngazi tisa, wanafunzi mia mbili na arobaini. Linafunguliwa Ijumaa ya wiki ya tatu kuanzia hii. Darasa langu litakaa juu kabisa, kwa sababu ndio warefu."

Bwana Kilo hakula tena. Alikuwa anapiga hesabu ya mia mbili na arobaini mara kilo arobaini.

Jumanne aliamkia kazini mapema ili apime upya. Alikata kipande kutoka mzigo uleule, akakibana, akakishika katikati kwa vidole viwili na kuzungusha gurudumu. Mshale ulipita thelathini. Ukapita tisini. Ulipofika mia na arobaini mashine ikaguna, msumari mmoja ukaruka, na kipande kikabaki kizima. Bwana Kilo alitazama vidole vyake. Vilikuwa vimeng'ang'ania pande zote mbili za gundi, na wala yeye hakuhisi uzito wowote. Mkono ndio uliokuwa unapimwa.

Mtu mwingine angekiachia tu kipande na kuanza upya. Bwana Kilo hakuweza, kwa sababu ya kanuni. Kanuni yenyewe ilitundikwa ukutani juu ya mashine, ndani ya fremu yenye kioo, na aliyeiandika ni yeye. Miaka kumi na sita nyuma, fundi mmoja alikamatwa akibadilisha vipande vibovu kwa vizima alivyovificha mfukoni. Bwana Kilo aliomba kalamu, akakaa jioni tatu na kamusi, na kuandika sentensi moja aliyoipenda kuliko barua zake zote za uchumba: *Kipande kikishakatwa kishikwe na mpimaji mwenyewe, kwa mkono mtupu, na kisiachiliwe mpaka mshale usimame.* Kiwanda kizima kiliipigia makofi. Tangu hapo hakuna kipande kilichobadilishwa, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kupima.

Alikuwa bado anaisoma Meneja alipoingia. Meneja alikuwa mtu mchangamfu, mwenye saa kubwa na kumbukumbu ndogo, aliyewaita wazee wote "mzee wangu" ili asihangaike na majina. Aliutazama mshale, akatabasamu, akanyoosha mkono.

"Mia na arobaini! Hongera, mzee wangu."

Bwana Kilo alilelewa vizuri. Akinyooshewa mkono, hupokea. Akajibandua kwenye kipande; viganja vikakutana, vikashikamana.

Walijaribu kuachana kwa adabu, kisha kwa nguvu, kisha Meneja akaitazama saa yake na kusema ana kikao. Wakaenda kikaoni pamoja. Bwana Kilo alikaa upande wa kulia wa Meneja, mkono wake ukiwa juu ya meza ndani ya mkono wa mkubwa wake, kama bwana na bibi harusi wanaosubiri picha. Hakuna aliyeuliza. Mkuu wa mauzo alimpa na yeye nakala ya ajenda. Baada ya kikao walikagua ghala, wakasalimiana na wageni, Meneja akitumia mkono wa kushoto na kuwaomba radhi. Walikwenda hata msalani, na kila mmoja akatazama ukuta wake.

Miaka ishirini na sita Bwana Kilo hakuwahi kupata dakika kumi za Meneja yeyote. Sasa alikuwa na saa mbili, na hakuzipoteza. Alieleza habari za unga. Alieleza namba tatu za Jumatatu. Alieleza ndoa na ujirani, mjusi na dari, na jinsi vidole vyake vilivyoshika kipande mpaka mashine ikaguna. Meneja alisikiliza vizuri sana. Kila baada ya sentensi alisema ndiyo. Alisema hata yeye unga ulimsumbua akili. Alisema jambo hili ni la kuangaliwa.

"Basi mbao zirudishwe kabla ya Ijumaa ile," alisema Bwana Kilo, wakiwa wamesimama mbele ya mlango wa ofisi.

"Zirudishwe kwa namba gani?"

"Thelathini na moja."

"Iko wapi?"

"Fomu ilichanika bombani."

"Na vipande?"

"Vimechomwa."

"Ninayo mia na arobaini, mzee wangu. Mashine imesema."

"Si mashine. Ni mkono wangu."

"Na mkono wa nani ulioandikwa kwenye kanuni?" aliuliza Meneja kwa upole, kwa kuwa alimpenda mzee huyu kwa namna yake. "Wewe ndiye uliyetufundisha. Mkono wa mpimaji mwenyewe. Nikianza leo kuchagua mkono, kesho watu watachagua vipande."

Bwana Kilo alisema atavaa glavu. Meneja alimkumbusha kwamba kanuni inasema mkono mtupu. Alisema basi ataandika upya kanuni. Meneja alisema hilo ni jambo zuri, alilete kwenye kamati ya vipimo. Na kamati ilikuwa ya watu watatu, mmoja amestaafu, mwingine amefariki, na wa tatu alikuwa Bwana Kilo, ambaye peke yake hakutimiza idadi. Bwana Kilo alisema hatatia sahihi. Meneja alisema haidhuru, sahihi ilikuwa heshima tu, cheti cha mbao hutoka na namba. Na kwa kuwa sasa alitaka sana kwenda kula, alimkaza mkono kama mtu anayefunga mazungumzo, akaukaza kwa nguvu zake zote. Hapo viganja vikasukumana vyenyewe na kuachana, vyepesi kama milango ya duka inayojifungua. Binti alikuwa amesema kweli. Walikuwa wamekaribiana kupita kiasi.

Usiku hauna mshauri, wala mchana wa wiki ile haukuwa naye. Jumatano Bwana Kilo alikata vipande vinane, akapata mia na arobaini mara nane. Alijaribu kupaka vidole majivu, akapata mia na arobaini. Alijaribu mkono wa kushoto, ukampa tisini na tano mara ya kwanza na mia na arobaini mara ya pili, kana kwamba nao uliona wivu. Uji alikuja kutazama, akajitolea kushika yeye. Wakapata ishirini na tisa. Walitazamana kwa furaha mpaka karani wa kumbukumbu, mwanamke mnyoofu asiye na ubaya, alipokuja kuuliza aliyeshika ni nani, akaandika *batili* kwa wino mwekundu, akaomba samahani.

Alhamisi Bwana Kilo alivaa koti lake la mahafali na kwenda ofisi ya ukaguzi wa bidhaa. Alikuwa ameandika barua ya ukurasa mmoja, wino mweusi, isiyo na kosa hata moja la mkato. Aliishika kwa kitambaa njia nzima. Lakini dirishani palikuwa na tangazo lililosema vitu vilivyofungwa havipokelewi, akalazimika kuifungua na kuishika kwa mkono, maandishi yakiwa upande wa kiganja.

"Iache hapo," alisema karani wa dirishani.

Bwana Kilo alianza na kidole kidogo, akajibandua taratibu kama alivyofunzwa. Karatasi ilitoka bila kuchanika. Ilitoka nyeupe. Wino wote ulikuwa umebaki kiganjani, mstari kwa mstari, tarehe, salamu, unga, jukwaa na watoto mia mbili na arobaini.

Karani aliigeuza karatasi pande zote mbili, akaipiga muhuri wa *Imepokelewa* na kumkatia stakabadhi.

"Mama, barua ni hii," alisema Bwana Kilo, akainua kiganja.

Karani alijisogeza, akavaa miwani na kukisoma chote, kwa shida kidogo kwa kuwa maneno yalikuwa kinyumenyume. Alisoma kwa makini kuliko Bwana Kilo alivyotegemea. Alitikisa kichwa kwa huzuni. Akasema yeye mwenyewe ana wajukuu wawili. Kisha akamwambia kwamba dirisha lile ni la karatasi, na kwamba ili kiganja kiingizwe kwenye jalada, mwenye kiganja angepaswa kukaa kabatini mpaka shauri lisikilizwe. Alikwenda hata kupima kabati kwa macho. Lilikuwa fupi.

Jibu lilikuja baada ya siku saba, kwa haraka isiyo ya kawaida. *Barua yako imesomwa kwa uangalifu. Haikuwa na malalamiko yoyote. Tunakushukuru kwa ushirikiano.*

Mkewe aliisoma mara mbili, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Meza ikatulia. Alisema angalau kuna mahali imefaa.

Shuleni, binti alifanya yake. Alimwendea mwalimu mkuu mara tatu, akamwomba darasa lake liachwe likae sakafuni. Mara ya tatu mwalimu mkuu, mtu wa haki, alimchukua mpaka ukumbini na kumwonyesha cheti kilichotundikwa mlangoni ndani ya fremu. Kilo mia na arobaini.

"Amenijibu nini, unajua?" binti alimwambia baba yake Jumatatu iliyofuata. Chakula kilikuwa kimepoa mbele yao wote. "Kasema, mwalimu, hofu yako siielewi. Limepimwa na baba yako mwenyewe, na mji huu mzima unajua yule mzee haongopi."

Bwana Kilo aliviweka viganja vyake magotini, akakumbuka kwamba vitashika suruali, akavigeuza juu. Ndivyo alivyokaa siku hizo, viganja juu, kama mtu anayeomba, ingawa hakuwa anaomba. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa mbaya kwa sababu haikuwa na pa kukaa. Kila alipotaka kuitua juu ya mtu, mtu huyo alikuwa na karatasi safi, na karatasi hiyo ilikuwa na jasho la mikono ya Bwana Kilo mwenyewe.

"Nitakwenda," alisema.

"Kwenda kusema?" aliuliza mkewe.

"Kusema nimesema. Kwenda kushika."

Ijumaa ya ufunguzi, saa mbili na nusu, kabla ya wanafunzi kupanga mistari, binti aliwafungulia wazazi wake mlango mdogo wa nyuma ya ukumbi. Chini ya jukwaa palinuka plaiwudi mpya na, kwa mbali, chapati zinazoungua. Huo ulikuwa unga. Mihimili miwili mirefu ya plaiwudi ileile ilibeba ngazi zote tisa, ikakutana katikati juu kidogo ya kichwa cha mtu. Bwana Kilo aliipapasa. Akahisi ndani yake lile ambalo lenzi haioni: molekuli zimesimama bega kwa bega, hakuna aliyemshika mwenzake, kama watu kwenye foleni ya dirisha lililofungwa. Akavua koti akampa mkewe. Akaweka kiganja cha kulia kwenye mhimili wa kulia, cha kushoto kwenye wa kushoto, akajisogeza mpaka ujirani ukaanza.

Watoto waliingia saa tatu kamili. Walipanda ngazi kwa kishindo, darasa kwa darasa, wafupi kwanza. Kila darasa lilipokaa, mihimili ilipumua na kuanza kufunguka pembeni, tabaka kwa tabaka, kama kitabu kilicholowa. Katikati haikufunguka. Darasa la warefu lilipopanda mwisho, Bwana Kilo aliijua sauti ya viatu vya binti yake nyuma yao, maana alikataa kukaa na walimu wenzake, akapanda nao mpaka juu.

Mkewe aligeuza ndoo akaikalia karibu naye. Kila baada ya muda alimfuta jasho, akamnywesha chai kwa kikombe, akamkuna mgongo alipoelekeza kwa kichwa.

"Miaka thelathini na minne nakuambia unishike mkono tukipita njiani," alisema. "Kumbe unaweza kushika mpaka shule."

Bwana Kilo alisema asimchekeshe, atatikisa.

Juu ya vichwa vyao zilitolewa hotuba. Mwalimu mkuu alishukuru. Kisha wakasikia sauti changamfu ya Meneja ikisema kwamba kiwanda chake hakiuzi mbao, kinauza uaminifu, na kwamba nyuma ya kila ubao kuna mkono wa mtu. Watoto mia mbili na arobaini walipiga makofi, na wachache wakapiga na miguu. Bwana Kilo alifumba macho. Viganja havikuhisi uzito, lakini mabega yake, ambayo hayakuwa na muujiza wowote, yalihisi kila kilo, naye alizihesabu.

Sherehe ilichukua saa mbili na dakika kumi. Baada yake mwalimu mkuu aliinama kwenye mlango mdogo, pengine akifuata harufu ya chai, akawakuta. Aliitazama mikono, akaitazama mihimili iliyofunguka pembeni, akatazama tena mikono. Alisimama pale kwa muda wa mtu anayeelewa jambo. Kisha akasafisha koo.

"Mzee, shikamoo. Jumatano tuna mkutano wa wazazi humu ndani. Utapatikana?"

Bwana Kilo alisema jukwaa livunjwe. Mwalimu mkuu alisema hilo lina utaratibu wake, nao ungeanza na kipimo kipya, na kipimo hufanywa na mpimaji aliyesajiliwa. Alisema atamletea kiti chenye mto. Alimaanisha wema, na kiti kililetwa.

Nyuma yake alichungulia Meneja, shavu likiwa na vumbi la chaki, furaha imemjaa.

"Mzee wangu! Unajua wameagiza tena? Shule kumi na moja. Wameona jukwaa, wameona cheti." Aliona mikono ya mzee ilivyokuwa, akajizuia kunyoosha wake. Akamwamkia kwa kichwa na kuondoka.

Bwana Kilo alianza kujibandua. Alikunja kidole kidogo cha mkono wa kulia, na mhimili ukatoa sauti ndogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Akaanza cha pete. Hapo juu yao viatu vikaanza tena kugonga ngazi, wafupi kwanza, na sauti ya mwalimu mkuu ikawaomba wanafunzi warudi kila mtu mahali pake, warefu juu kabisa, kwa ajili ya picha.

Akakirudisha kidole cha pete. Akakirudisha na kidogo.

Mkewe, ambaye hakusoma masomo ya jioni lakini hesabu alizijua, alisema shule kumi na moja na hii ni kumi na mbili, na mikono ni miwili. Kisha akauliza, si kwa kulalamika, ila kwa sababu alitaka kujua kama apeleke ujumbe nyumbani, watakaa pale mpaka lini.

"Mpaka mshale usimame," alisema Bwana Kilo.

Mkewe alitazama huku na huku. Mle chini ya jukwaa palikuwa na mihimili, ndoo, kiti chenye mto, na mjusi mmoja aliyelala kichwa chini juu ya plaiwudi, ametulia. Mshale haukuwepo. Akammiminia chai.